Masika ya Kwanza Chini ya Bati

Mfungo Sita, mwezi 26, Ijumaa

Mume wangu Selemani ameniletea karatasi kutoka duka la Mhindi anakoshonea, akaziweka mapajani pangu, akasema, "Mwanahalima, hofu zako ziandike hapa. Ukiziandika zinanyamaza. Ukinisemea mimi zinazaa."

Basi naandika. Marehemu baba alinifundisha herufi za chuoni tulipokuwa Pangani, nikafika Yasini, kisha mama akafa nikaingia jikoni, na elimu yangu ikabaki pale mlangoni. Atakayesoma anisamehe mwandiko.

Hofu ya leo ni paa. Nyumba yetu imeezekwa bati. Mabati yamekuja kwa reli mpaka Moshi, maana reli ya Mdachi imefika Moshi mwaka huu, na kutoka Moshi yamebebwa na gari la ng'ombe la Kaburu. Upande wetu huu wa Arusha, mji unapoishia na migomba ya Waarusha inapoanza, hakuna bati jingine. Selemani anaizunguka nyumba mikono nyuma, utadhani amelijenga Boma la Mdachi. Jirani yetu Namnyaki, Mwarusha anayetuuzia maziwa, alikuja kutazama. Akagonga bati kwa fimbo, akasikiliza, akauliza, "Sasa humu, ndama watalala wapi?"

Nikamwambia humu atalala Tunu. Tunu ni mwanangu wa pekee. Mume wake ana kazi ya reli huko Moshi, naye amekuja kwangu kujifungua uzazi wake wa kwanza, kama ilivyo ada. Chumba cha nyuma nimekikandika kwa mikono yangu kwa ajili yake.

Mfungo Sita, mwezi 28, Jumapili

Mvua ya kwanza. Ee Mola wangu. Mimi nimezoea mvua ya juu ya makuti, inanong'ona tu. Hii ya bati ni kama watu mia wanaomwaga choroko kwenye masinia. Selemani alikuwa anacheka, naona meno, sauti siisikii. Mtoto tumboni mwa Tunu aliruka hata kanga ikasogea.

Lakini kelele si neno. Mvua ilipokatika nilizunguka nyumba. Paa la nyasi hunywa maji, kisha huyatoa kidogo kidogo huku na huku, kama mtu mwenye haya. Bati halina haya. Maji yote yameshuka ukingoni kwa pamoja, yamechimba mfuo chini ya ukuta wa nyuma, na tope limeruka mpaka dirishani kwa Tunu. Mvua moja hiyo, na masika bado hayajaja.

Nikamwita Selemani. Akatazama, akasema, "Ukuta mpya una kiu."

"Ukuta ukinywa sana hulala," nikamwambia. "Na mwanangu atakuwa ndani yake."

Hapo akaacha kucheka.

Mfungo Sita, mwezi 29, Jumatatu

Sikulala.

Mfungo Saba, mwezi 2, Alhamisi

Tumekubaliana kwamba nyumba inataka mlizamu, yaani kitu cha kupokea maji pale ukingoni mwa paa na kuyapeleka mbali. Selemani akakata mgomba, akaupasua katikati, akautoa moyo, akaufunga chini ya bati kwa kamba. Ukapendeza, kijani kibichi. Watu wakasifu.

Mfungo Saba, mwezi 5, Jumapili

Mgomba umeoza, umeanguka, umemwangukia kuku. Kuku ni mzima.

Mfungo Saba, mwezi 7, Jumanne

Namnyaki amesema kwao mti wa kuchonga haushindwi, na shemeji yake ana mzinga wa nyuki wa zamani uliopasuka nusu kwa nusu, ni kama mlizamu uliokwisha kuchongwa. Kweli, ukiutazama ni mlizamu kabisa. Tukaufunga asubuhi. Adhuhuri nyuki wakaja kuutazama. Alasiri wakaja na jamaa zao. Selemani alitoka mbio na kofia yake ikabaki. Namnyaki alicheka hata akakaa chini, kisha yeye mwenyewe akaleta moshi, akauteremsha mzinga, akaenda nao kama anabeba mtoto.

"Nta haijasahau," akasema. Kiswahili chake ni kifupi, lakini hakipotei njia.

Mfungo Saba, mwezi 9, Alhamisi

Dukani kwa Mhindi kuna mlizamu wa Ulaya, mweupe unang'aa, na vyombo vyake vyote. Selemani aliuliza bei, akarudi nyumbani, akaomba maji ya kunywa. Sikumuuliza zaidi.

Nimekwenda kwa Shomari, fundi wa debe, karibu na soko. Huyu hutengeneza vibatari na mikebe kutokana na madebe ya mafuta ya taa, na mdomo wake una kazi kuliko nyundo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nataka mlizamu."

"Mlizamu wa kupendeza au wa kupitisha maji?"

"Wa kumfanya mama wa mtu alale."

"Loo! Huo ni ghali," akasema, "lakini nitajaribu." Akanieleza kwamba mlizamu si bati la kukunjwa tu, ni ukoo mzima. Kuna kulabu za kuushika. Kuna vizibo vya ncha. Kuna kiwiko pale maji yanapogeuka kushuka, kuna bomba, na kuna pipa la kupokea. "Mwenye haraka hununua baba wa ukoo peke yake," akasema, "kisha mvua inamletea jamaa wengine waliosahauliwa."

Nikamwambia nataka wote, lakini nitawachagua mmoja mmoja. Akasema, "Mama, umekuja kununua mlizamu au kuposa?"

Mfungo Saba, mwezi 11, Jumamosi

Siku nzima kwa Shomari. Kulabu alitaka kunipa za waya. Nikaning'iniza jiwe la kusagia juu ya moja, ikanyooka kama mdomo wa mtu aliyeudhika. Akaleta nyingine alizozifua kutokana na pete za mapipa. Jiwe likaning'inia, hazikutikisika. Nikazichukua hizo, na nikataka ziwe karibu karibu, si mbali mbali kama meno ya mzee.

Vizibo nilivikataa mara mbili. Nilikwenda na kata yangu ya maji, nikamwagia kila kiungo, na kila palipotoka tone nikaweka kidole. Shomari akatia lehemu, nikamwaga tena. Watu wakakusanyika. Mwanamke mmoja akasema, "Mwanahalima anaivisha nyumba heleni na kidani. Bado wanja." Wakacheka, nami nikacheka, lakini kidole sikukiondoa.

Shomari alisahau jamaa mmoja wa ukoo, nikamkumbusha mimi. Mbele ya nyumba kuna mti unaomwaga majani mwaka mzima. Majani yakiingia kwenye bomba, si litaziba? Akakuna kichwa. Nikampa kung'uto langu dogo la kuchujia tui, tukalikalisha kwenye mdomo wa bomba. Likakaa kama lilisukwa kwa kazi hiyo. Tui nitachujia kitambaa. Hata hivyo nazi hapa Arusha tunaziota tu.

Mfungo Saba, mwezi 14, Jumanne

Mlizamu umefungwa! Umeinama kidogo kuelekea pembe ya nyuma, kama mtu anayesikiliza. Mvua imekuja saa tisa. Maji yakakimbia ndani yake, yakapinda kiwikoni, yakashuka bombani, yakaingia pipani. Ukuta mkavu! Tunu alipiga kigelegele na tumbo lake lile. Mimi nililia kidogo, si sana.

Mfungo Saba, mwezi 15, Jumatano

Chai inanuka mafuta ya taa. Uji unanuka mafuta ya taa. Selemani anasema akipiga mwayo karibu na taa tutaungua wote. Kumbe Shomari hakuyachemsha madebe kwa majivu. Maji ya pipa tumeipa migomba.

Mfungo Saba, mwezi 19, Jumapili

Masika yamekaa kitako. Pipa linajaa kwa mvua moja, kisha linafurika. Yale maji yaliyokuwa yakianguka ukingo mzima sasa yanashuka mahali pamoja, na kutoka pale yanateremka moja kwa moja kwenye zizi la ndama la Namnyaki. Amekuja leo, matope mpaka magotini, amembeba ndama shingoni.

"Mama Tunu," akasema, "huyu si bata."

Nikaona haya mpaka masikio yakawaka moto. Nikamwomba radhi. Hakugomba, alikunywa uji (haunuki tena), akamshika Tunu tumbo, akasema mtoto amekaa vizuri. Namnyaki ndiye anayewapokea watoto wa kwao. Nilimwonea huruma kwa nyumba yake ile ya nyasi na samadi, mlango wa kuinamia. Sikumwambia.

Mfungo Saba, mwezi 21, Jumanne

Nimepata dawa. Upande wa pili wa nyumba unapita mfereji wa Waarusha, ule unaotoka mlimani na kwenda kwenye migomba yao. Siku hizi ni mkavu. Mimi na Selemani tumechimba mchirizi kutoka penye pipa mpaka mferejini. Maji yakizidi, yaende kule. Ndama wapone, ukuta upone, na Waarusha nao wapate maji ya bure. Nimelala mchana huu kwa raha kama niliyetoa sadaka.

Mfungo Saba, mwezi 25, Jumamosi

Sadaka yangu imerudishwa.

Asubuhi amekuja Koikai, mume wa Namnyaki. Ni mtu mrefu, mkavu kama ngozi ya ngoma, na ndiye msimamizi wa mfereji. Hakuketi. Akauliza nani ameingiza maji mferejini. Nikasema mimi, tena nikatabasamu, nikingoja shukrani.

Kumbe masika wao huufunga mfereji kule juu mtoni, makusudi, ili wautengeneze kingo. Walikuwa wameziba pengo moja kwa udongo na mawe, kazi ya watu wengi. Maji ya paa langu yamekwenda kwa kasi yamelibomoa lote, na viazi vya watu vimefukuliwa. Nilitaka ardhi inimeze.

"Sikujua, baba," nikasema. "Kwetu pwani mfereji ni wa kupeleka maji machafu tu. Na maji haya ni ya mvua, ni ya Mungu."

"Yakianguka ni ya Mungu," akasema. "Ukiyashika mkono ukayaongoza, ni ya mfereji. Na ya mfereji yana sheria."

Sheria yenyewe ni hii: mgeni akiingiza maji yake mferejini, au akiyatoa, hupika pombe ya asali. Watu wa mfereji hunywa, humwaga kidogo kwenye maji, na neno limekwisha.

"Lakini mimi ni Mwislamu," nikasema. "Sipiki pombe."

"Basi usiinywe. Nani amekuambia unywe?"

"Hata kuipika, baba. Nitatoa halua."

"Halua haimwagiki."

"Asali, basi, asali safi."

"Asali peke yake ni dawa ya kikohozi."

Selemani akajaribu mzaha, akasema atawashonea wote kanzu. Koikai akamtazama kuanzia juu mpaka chini, kama mtu anayepima ng'ombe asiyemtaka. Kisha akashuka mwenyewe, akauziba mchirizi wetu kwa matope na mawe, akafunga kitawi kibichi juu yake kwa kamba ya ngozi. Kitawi kile kikiwapo hakuna mkono wa kugusa, mpaka shauri liishe.

Mfungo Saba, mwezi 26, Jumapili

Watu wa mtaani wanasema tupeleke shauri Boma. Selemani amekataa. "Boma utalisikia siku moja," akasema. "Jirani utamsikia kila siku."

Mfungo Saba, mwezi 28, Jumanne

Mvua.

Mfungo Nane, mwezi 1, Alhamisi

Mvua. Mchirizi umezibwa, kwa hiyo maji yanayofurika pipani hayana pa kwenda, yanarudi na kusimama chini ya ukuta wa Tunu. Bomba nikiligeuza upande ule, ndama wa Namnyaki wanaogelea. Mlizamu nikiushusha, ukuta unachimbwa wote. Basi nayachota. Mvua ikianza tu nashika debe, nachota na kumwaga barabarani, nachota na kumwaga, mpaka mikono inasahau kwamba ni yangu.

Leo nimegeuka nikamwona Tunu nyuma yangu na debe lake. Nilimfokea hata sauti ikapasuka. Akasema, "Mama, sasa nikae ndani nisikilize ukuta?"

Namnyaki aliona yote kutoka zizini. Alisonya, wala hakunisonya mimi.

Mfungo Nane, mwezi 6, Jumanne

Koikai amepita. Nimemsalimu, ameitikia. Macho yake hayakwenda kwenye kitawi, na macho yangu hayakwenda kwingine. Mtu huyu ana moyo gani? Nilimwambia Selemani. Akasema, "Ana moyo wa mtu aliyeziba pengo kwa mikono yake likabomolewa na paa la fundi cherehani." Nimemnunia mpaka jioni, kwa sababu ni kweli.

Mfungo Nane, mwezi 9, Ijumaa

Nimetuma sahani ya maandazi kwa Koikai. Sahani imerudi na maziwa. Kitawi kipo pale pale, tena amekibadilisha, kile cha zamani kilikuwa kimekauka.

Mfungo Nane, mwezi 13, Jumanne

Ufa! Chumba cha nyuma, pembeni, chini. Kidole changu kidogo kinaingia. Nimeukandika. Nimemhamishia Tunu chumba cha mbele, lakini cha mbele ndipo barabara ilipo, na wapita njia, na wateja wa Selemani wanaokuja kupimwa. Si mahali pa kuzalia.

Mfungo Nane, mwezi 14, Jumatano

Ufa umerudi. Tunu anasema namtazama yeye na ukuta kwa jicho lile lile. Kweli, wote wawili wamevimba.

Mfungo Nane, mwezi 17, Jumamosi

Jua! Nimeanika kila kitu, hata Selemani.

Mfungo Nane, mwezi 22, Alhamisi

Sasa nimepata nafasi, nieleze ya Jumanne.

Jumanne baada ya adhuhuri Mlima Meru ulitoweka kabisa, wingu jeusi toka juu mpaka mashambani. Tunu alikuwa anachambua mchele. Akauweka ungo chini taratibu, akasema, "Mama, naona ndiyo leo." Na hapo hapo mvua ikaanguka, si kwa matone, kwa mapipa.

Nilimshika mkono, nikasimama katikati ya nyumba kama mwehu. Chumba cha nyuma, ukuta unakunywa. Chumba cha mbele, maji yanaingia chini ya mlango. Na kelele ya bati! Tunu ananiambia kitu, naona midomo. Mimi namwambia apumue, ananiuliza kwa ishara, nini? Nikafikiri, huyu atanizalia hapa na sitamsikia hata akiniita.

Mlango ukafunguka. Namnyaki, ngozi kichwani, maji yakimchuruzika puani. Hakusema neno, lisingesikika. Alimkamata Tunu upande mmoja, akanipa mimi upande wa pili, tukatoka. Tukapita kwenye matope, tukapita zizini kwa ndama, tukainama kwenye ule mlango wake.

Na ndani, kimya.

Sijui nisemeje. Nyasi zile zilikuwa zinayanywa maji yote, mvua ikawa mbali kama iko kwa watu wengine. Moto ulikuwa unawaka, ngozi zimetandikwa, pakavu, pana joto. Nikamsikia mwanangu anavuta pumzi. Tangu masika yaanze nilikuwa sijamsikia sawasawa mvuani. Nyumba hii ndiyo niliyokuwa naionea huruma!

Koikai alikuwa ameketi motoni na kibuyu chake. Namnyaki akamwambia maneno kwa Kimaasai, mafupi. Akainuka. Akasema naye neno moja. Namnyaki akasema mengi. Mtu mrefu yule akatoka nyumbani kwake mwenyewe, akaingia mvuani, kibuyu amekiacha.

"Umemwambia nini?" nikauliza.

"Wanaume hawakai kwenye uzazi."

"Hayo ya kwanza. Haya ya pili?"

Namnyaki alikuwa anapasha mafuta mikononi, akacheka. "Nimemwambia, kwetu mwanamume akimtia hofu mwenye mimba, wanawake hukusanyika. Wanamwendea wote. Wanampiga, na dume lake zuri la ng'ombe wanalichinja wanakula. Nimemwambia, huyu mtoto wa Mama Tunu amechota maji na tumbo lake kwa sababu ya kitawi chako. Nimemwona mimi. Wanawake wakiniuliza, sitasema uongo."

Tunu, katikati ya uchungu wake, akauliza, "Dume lipi?" Tukacheka wote watatu.

Yaliyotokea nje nimesimuliwa na Selemani, na Selemani akisimulia lazima upunguze nusu. Anasema Koikai alikuja kusimama chini ya ukingo wa paa letu, maana hakuwa na pengine pa kwenda. Wakasimama bega kwa bega. Mbele yao maji yakafurika pipani, yakaenda mpaka kwenye kitawi, yakazuiwa, yakarudi. Yakapanda ukutani. Tope likaanza kumeguka, donge, na donge jingine, fito zikaonekana kama mbavu.

Koikai akatazama. Akauliza, "Mtoto angelala humu?"

"Humu," Selemani akamjibu. "Kichwa upande huo."

Anasema Koikai alivua shuka, akaiviringisha, akaenda kukifungua kitawi chake mwenyewe kwa mikono miwili, kwa adabu, akakiweka pembeni. Halafu akaingia matopeni na kuanza kuyang'oa mawe. Lakini hakuyaacha maji yaende ovyo. Alimfokea Selemani alete jembe, wakaupindisha mchirizi ujikunje mara mbili kabla ya kufika mferejini, wakatandika mawe chini, ili maji yafike yamechoka. Selemani anasema yeye ndiye aliyechimba zaidi. Koikai anasema Selemani alishika jembe kama anashika sindano.

Katikati ya kazi mlizamu ukajaa pomoni, ukaanza kulemea. Kulabu zangu za pete za pipa zikashika. Hata moja haikunyooka! Haya nataka yaandikwe vizuri.

Mvua ilipopungua, alasiri imekwisha, Tunu akajifungua mtoto wa kike. Mzima, sauti kama tarumbeta ya askari. Nikamwadhinia mwenyewe sikioni polepole, maana Selemani haruhusiwi kuingia. Kisha nikatoka kuwapa habari. Niliwakuta wawili wameketi juu ya pipa langu lililopinduliwa, matope mpaka nyusi, nisingejua yupi ni mume wangu kama si urefu.

"Msichana," nikasema.

Koikai akatazama ukuta. "Umesimama," akasema.

Nikaenda nikauona. Umeliwa, una mbavu nje, lakini umesimama.

Mfungo Nane, mwezi 27, Jumanne

Siku ya saba. Mtoto ameitwa Mwanakheri. Kwa Namnyaki anaitwa Nosim, na Tunu anaitikia yote mawili kwa niaba yake. Tulichinja mbuzi. Nilimwogopa Koikai kidogo, kwa sababu lile neno la pombe halijaisha, na wenzake wa mfereji walikuwa wamekuja, wamekaa nje na fimbo zao.

Nikatoka, nikasema, "Baba zangu, kosa langu nalijua. Niambieni la kutoa nisilopika kwenye mtungi."

Wakasemezana sana. Mmoja aligonga fimbo. Koikai akangoja mpaka wote walipochoka, kisha akasema kwa Kiswahili, ili nisikie, "Pombe ni ya mgeni. Je, mgeni anazalia wapi?"

Akaelekeza fimbo kwenye nyumba yake.

"Mtoto huyu amezaliwa kwangu, motoni kwangu, mimi nikanyeshewa. Bibi yake si mgeni wa mfereji. Na asiye mgeni hatoi pombe."

Nilitaka kupiga vigelegele.

"Hutoa jembe," akamaliza, akimtazama Selemani.

Mfungo Tisa, mwezi 2, Jumapili

Ukuta nimeukandika upya, na samadi ndani yake, kama Namnyaki anavyokandika. Nilipokuwa naukandika alinisimamia na kunisonya kila nilipokosea.

Mfungo Tisa, mwezi 5, Jumatano

Mvua ndogo ya kuaga. Majani yamejaa kwenye kung'uto, nimeyatoa kwa mkono. Maji yamekwenda mferejini polepole, yamejikunja mara mbili kama alivyotaka mwenyewe.

Mfungo Tisa, mwezi 8, Jumamosi

Leo watu wa mfereji wamesafisha mfereji ili maji ya mlimani yafunguliwe. Selemani alikwenda alfajiri na jembe la kuazima na kofia ya sala. Hatukuenda naye, wanawake hawachimbi, lakini saa nne tukapeleka chakula: Namnyaki maziwa, mimi wali. Mtoto nilimbeba mgongoni, Tunu akakaa nyumbani kujisitiri arobaini yake.

Tukawakuta wamepanga mstari mrefu, kila nyumba na kipande chake. Selemani yuko katikati, viganja vimefanya malengelenge, na vijana wanamcheka kwa Kimaasai, naye anawajibu kwa Kipangani, na kila upande unadhani umeshinda. Mawe ya pale mchirizi wetu unapoingia ameyapanga yeye. Yamenyooka kama mshono.

Kabla ya kula, Koikai akapanda ukingoni kuita nyumba zote, kama ilivyo desturi, kujua nani amefanya kazi. Akiita nyumba, mwenyewe anajibu kwamba ipo. Aliita moja, ikajibu. Ya pili, ikajibu. Akaita na kuita. Moyo wangu, mnaujua, ukaanza: je, akitusahau? Je, kama alisema tu siku ile kwa sababu ya nyama ya mbuzi?

Mwisho akageuka upande wetu, akaweka mkono mdomoni.

"Nyumba ya Nosim!"

Selemani alikuwa amejaza wali mdomoni. Akanyanyua jembe, akatoa macho, sauti haitoki. Watu wakaanza kucheka. Koikai akaita mara ya pili, amekunja uso, kwa sababu nyumba isiyojibu haiandikiwi kazi wala maji.

Mwanamke hajibu pale, najua. Nilikuwa nimekwisha kujibu.

"Ipo!" nikapiga kelele, mpaka mtoto akaamka mgongoni. "Ipo, na ukuta wake umesimama!"